Tairi nimenunua Kariakoo, fundi wa Dodoma hataki kulifunga

MASWALI YA WASOMAJI
Anajibu fundi wetu wa pikipiki, mwenye karakana Chang'ombe, Dodoma

Swali: Shikamoo Fundi. Mimi ni mkulima wa zabibu Hombolo. Nina Boxer 150 ambayo ndiyo inanibebea kreti hadi mjini na ndiyo inampeleka mama watoto kliniki. Matairi yote mawili yameisha kashata, sasa ni vipara. Shemeji yangu alikuwa Dar es Salaam, nikamwagiza, akaninunulia matairi mawili na tyubu zake Kariakoo kwa bei nzuri, akayapakia kwenye basi. Nilipoyapokea stendi ya Nanenane nikaenda nayo moja kwa moja kwenye duka la spea hapa mjini, lenye mafundi wake nje. Mwenye duka akanijibu kwamba wao wanafunga matairi waliyouza wenyewe tu. Nilipomsihi akakubali, lakini kwa 8,000 kila tairi, wakati anayenunua kwake anafungiwa bure. Tena akasema tairi likileta shida nisirudi kwake. Niliona kama naadhibiwa kwa kununua kwingine, nikaondoka. Je, ana haki ya kunifanyia hivyo? Na sasa nifanyeje, maana matairi yapo ndani na mavuno ya Agosti yanakaribia?

*Mkulima, Hombolo*

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Poleni na maandalizi ya mavuno.

Mwenye duka ana haki ya kukataa kazi, na ana haki ya kukutoza. Hilo la kusema usirudi, hapo ana nusu ya haki tu, na nitalifikia.

Tuanze na hilo neno "bure", kwa sababu ndilo lililokuumiza. Hakuna tairi linalofungwa bure. Duka linapouza tairi, fedha ya fundi imeshaingia ndani ya bei ya tairi, ila mnunuzi haioni. Wewe ulipokwenda Kariakoo uliikwepa ile faida ya duka, na ni haki yako kabisa, lakini ndani ya faida hiyo ndimo mlimokuwa na ujira wa yule kijana anayekaa chini na kubandua tairi kwa mikono. Ukimpelekea fundi cherehani kitenge ulichonunua kwingine, hakulipishi kitenge, anakulipisha kushona. Hapa ni vivyo hivyo. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: hiyo 8,000 ananifanyia nini?

Jibu lake linategemea unampelekea nini. Ukimpelekea pikipiki nzima, tairi la nyuma lina kazi ndefu kuliko watu wanavyodhani. Anafungua rodi ya breki na ule mkono unaozuia sahani ya breki isizunguke, analegeza ajasta za cheni, anachomoa ekseli, anatoa gurudumu, anabandua tairi kuukuu, anafunga jipya, kisha anarudisha vyote, anasawazisha cheni na kurekebisha breki. Ukimpelekea gurudumu lililokwisha kufunguliwa, kazi yake inabaki kubandua na kufunga, na bei lazima ishuke. Kama una spana za kutosha na kijana nyumbani anayejua, fungua magurudumu mwenyewe huko Hombolo, uje nayo mjini mkononi. Mafundi wengi wa pembeni ya barabara, hawa wa kuziba pancha, watakufungia bila kuuliza ulinunua wapi, kwa sababu wao hawauzi matairi na hakuna biashara yao uliyoigusa. Usiwadharau kwa kuwa wanakaa chini ya mti. Wengine wana mikono bora kuliko wa dukani, maana kila siku mbigiri na miba ya migunga ya huku kwetu inawaletea kazi.

Lakini kabla hujampelekea fundi yeyote, kaa na hayo matairi nje penye mwanga uyasome. Hapa nakuomba usiharakishe. Tairi likishaguswa na chuma cha kubandulia, likapakwa sabuni na kuvishwa kwenye rimu, muuzaji wa Kariakoo hatalipokea tena, na mimi nisingemlaumu. Kosa la kununua linarekebishika likiwa bado kavu.

Soma kwanza kipimo ubavuni. Boxer 150 nyingi za hapa kwetu zinatumia 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, hakikisha kwa kulinganisha na matairi yako ya sasa na kitabu cha pikipiki. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni kipimo cha rimu. Pikipiki nyingi za Kichina zinatumia rimu ya 18, na shemeji mtu akiwa na haraka Kariakoo anaweza kupewa 3.00-18. Hilo halitaingia kwako hata fundi awe bingwa. Ukikuta kipimo cha mtindo mwingine, kama 90/90-18, jua kwamba 90 ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kama asilimia ya huo upana, na 18 ni rimu ile ile ya inchi.

Baada ya kipimo kuna namba na herufi, mfano 50P. Namba 50 maana yake tairi hilo limepimwa kubeba kilo 190, na P ni mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Kwako wewe mwendo si tatizo, mzigo ndio tatizo. La mbele likiandikwa 41, hizo ni kilo 145, na kwa mbele inatosha. Ila ukikuta tairi la nyuma nalo lina 41, usilifunge. Kreti za zabibu, wewe mwenyewe na uzito wa pikipiki, sehemu kubwa inalalia nyuma. Tafuta pia maandishi 6PR, yanayoonyesha uimara wa tabaka za ndani. Kwa mzigo ni bora kuliko 4PR.

Kisha tafuta tarakimu nne zilizofungiwa kwenye umbo kama yai, mara nyingi mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2324, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2024. Bei nzuri mara nyingine inatokana na tairi lililolala stoo miaka mingi. Likikunjwa ubavuni ukaona nyufa ndogo ndogo kama za udongo wa mbuga wakati wa kiangazi, lirudishe, hata kama kashata zake zinang'aa. Raba huzeeka ikiwa imekaa tu, na jua la Dodoma halitaisaidia.

La mwisho la kukagua ni umbo. Matairi ya pikipiki mara nyingi husafirishwa yamebanwa, moja limeingizwa ndani ya jingine, na kwenye buti ya basi yanafungwa kamba juu ya mizigo. Angalia mdomo wa tairi, ule ukingo wenye waya ndani unaokaa kwenye rimu. Ukiwa umesinyaa tu, weka vijiti vya kuutanua, uache tairi juani siku nzima, litarudi. Waya ukiwa umekunjika ukabaki na kona, hapo hakuna dawa. Mwambie shemeji atafute risiti. Na hiyo risiti iwe ya mashine ya EFD, si karatasi iliyoandikwa kwa kalamu, kwa sababu Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inakulinda ukiuziwa kitu kisicholingana na maelezo yake au kibovu, lakini lazima uonyeshe ulinunua kwa nani.

Matairi yakiwa mazima, nenda kwa fundi, na mpatane kabla hajashika kitu. Mwambie hivi: "Tairi ni langu, tyubu ni yangu, nakulipa kufunga. Tairi likiwa na kasoro ya kiwandani sikudai. Tyubu ukiibana na chuma, ni juu yako." Fundi mwaminifu hatakasirika. Akikasirika, amekujibu.

Kisha simama hapo hapo. Najua mafundi wengi hatupendi kusimamiwa, lakini kwa tairi lako mwenyewe simama. Tazama kwanza anapaka nini kwenye mdomo wa tairi. Iwe maji ya sabuni. Akichovya brashi kwenye oili chafu au grisi, mzuie. Oili ya petroli hula raba, na tairi linaweza kuteleza kwenye rimu ukifunga breki, likavuta tyubu na kung'oa valvu. Nimeona tyubu mpya zikifa hivyo, na mwenye pikipiki akarudi kulaumu Wachina.

Tazama kama ndani ya rimu kuna ule mkanda wa raba unaofunika vichwa vya spoki. Ukiwa umechanika abadilishe. Bei yake ni ndogo na kazi yake ni kubwa. Tazama kama anaweka upepo kidogo kwenye tyubu kabla ya kuiingiza, ipate umbo la duara bila kujaa. Tyubu isiyo na upepo hujikunja, na mkunjo ndio unaobanwa na chuma. Mshale ulio ubavuni uelekee upande gurudumu linakozunguka ukienda mbele. Kama tairi lina kidoti cha njano, hapo ndipo lilipo jepesi zaidi, kikae karibu na valvu.

Kwenye kuvisha ndipo utamjua fundi. Anayejua anaanzia upande ulio mkabala na valvu, anamalizia kwenye valvu, na muda wote anakandamiza tairi kwa magoti ili upande aliokwisha kuuingiza ukae kwenye bonde la katikati ya rimu. Akifanya hivyo tairi linaingia kwa nguvu ya kawaida. Ukimwona amesimama juu ya chuma kwa uzito wote wa mwili, ujue bonde hajalitumia, na ama waya wa tairi utakatika ama tyubu itatoboka. Akimaliza ajaze upepo, kisha azungushe gurudumu: kuna mstari mwembamba ubavuni karibu na rimu, uwe na umbali ule ule kutoka kwenye rimu duara zima, pande zote mbili. Ukiwa umezama mahali, tairi halijakaa. Atoe upepo, apake sabuni tena, ajaze upya. Nati ya valvu isikazwe hadi kugusa rimu. Ikilegezwa kidogo, siku tyubu ikihama utaiona valvu imelala kabla haijakatika.

Kwa pikipiki nyingi za ukubwa wa yako upepo ni PSI 25 mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako, na 32 ukiwa na abiria au mzigo. Upime asubuhi, tairi likiwa baridi. Ukipima saa nane mchana baada ya kutoka Hombolo, geji itakudanganya. Na kilomita 100 za mwanzo nenda taratibu kwenye kona, kwa sababu tairi jipya huwa na utelezi juu yake mpaka lisuguliwe na barabara.

Sasa ile kauli ya "usirudi". Kwa kasoro ya tairi lenyewe yuko sahihi, hakuliuza yeye. Hilo ni la muuzaji wa Kariakoo. Kwa kazi ya mikono yake hayuko sahihi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kwa uangalifu ambao mtu makini wa kawaida angetunza mali yake mwenyewe. Amepokea gurudumu lako, akalitoboa tyubu, akakwaruza rimu au akaacha nati ya ekseli bila kukaza, hawezi kujificha nyuma ya maneno kwamba tairi si lake. Nati ya ekseli haikutoka Kariakoo.

Nikushauri na hili: usimchukie huyo mwenye duka. Amekwambia bei na mipaka yake mbele ya macho yako, ukaweza kuondoka na matairi yako mazima. Wa kuogopwa ni yule anayekubali kwa elfu mbili huku ameshaamua kwamba kazi hii haimhusu.

Swali: Habari za kazi, fundi mwenzangu. Mimi nina duka la spea na karakana Manyoni. Msimamo wangu ni kutofunga matairi ya nje, yaani yasiyonunuliwa kwangu, na nina sababu. Watu wanaleta matairi yaliyotumika, mengine yamepasuka ubavu, ukifunga na likipasuka njiani wanarudi na ndugu zao kudai. Mteja anayekuja na tairi lake hataki kununua hata mkanda wa rimu. Kwa nini nijibebeshe mzigo huo?

*Mwenye duka, Manyoni*

Jibu: Salama, mwenzangu. Sababu zako nazijua, na kuhusu matairi yenye ubavu uliopasuka niko upande wako moja kwa moja. Hayo usiyafunge hata kwa mtu uliyemuuzia wewe. Mwambie mteja waziwazi kwamba hufungi kwa sababu ya uhai wake, mwonyeshe ufa kwa kidole.

Ila kukataa matairi yote ya nje ni kujifungia mlango. Huyo mtu ana pikipiki. Wiki ijayo atahitaji cheni, mwezi ujao spoki, na atakwenda kwa aliyemsikiliza. Weka ubao wenye bei mbili: kufunga tairi lililonunuliwa hapa, na kufunga tairi lililotoka nje. Ukiwa na ubao, mteja haoni kwamba umembunia bei kwa kumtazama usoni. Kila tairi la nje lipige picha kwa simu kabla ya kuligusa, ubavu wote na zile tarakimu nne za tarehe, uandike kwenye daftari namba ya pikipiki, kipimo, na kama tyubu ni mpya au kuukuu, kisha mteja atie saini. Atakayerudi na ndugu zake utamfungulia daftari.

Na kuhusu tyubu, hapo ukaze. Tyubu kuukuu imekwisha kutanuka. Ndani ya tairi jipya itajikunja, na mkunjo utatoboka. Mimi simfungii mtu tairi jipya juu ya tyubu yenye viraka bila kumwambia hayo kwanza na kuyaandika.

Swali: Kaka Fundi, habari. Mwanangu ni bodaboda hapa Kondoa. Alinunua tairi la nyuma kwa mwenzake, jipya kabisa, fundi akamfungia. Tangu siku hiyo pikipiki inayumba nyuma akifika mwendo wa 40 hivi. Fundi anasema tairi ni baya, aliyeuza anasema fundi ni mbaya. Yeye yuko katikati na anaendelea kubeba watu. Naogopa.

*Mama wa bodaboda, Kondoa*

Jibu: Nzuri, dada yangu. Kwanza asimame kubeba abiria leo, hadi hili liishe. Kujua nani ana kosa haichukui hata nusu saa.

Asimamishe pikipiki kwenye stendi ya katikati, azungushe gurudumu la nyuma kwa mkono, ashike kijiti karibu na rimu bila kugusa. Kama rimu inapishana na kijiti, spoki zimelegea au rimu imepinda; huenda ilikuwa hivyo tangu zamani na tairi kuukuu lilificha. Kama rimu inazunguka sawa lakini tairi linapanda na kushuka, aangalie ule mstari mwembamba niliomweleza mkulima wa Hombolo. Mstari ukiwa umezama upande mmoja, kosa ni la fundi na dawa ni kutoa upepo na kulikalisha upya. Mstari ukiwa sawa duara zima na tairi bado lina nundu, tairi ndilo bovu, na aliyeliuza alipokee.

Vyote vikiwa sawa, atazame alama za ajasta za cheni kushoto na kulia. Zikitofautiana hata kwa alama moja, gurudumu limekaa upande na pikipiki itayumba. Mwisho ashike tairi juu na kulisukuma kushoto na kulia. Likicheza, nati ya ekseli imelegea au beringi zimeisha. Nati ikiwa ndiyo imelegea, asiiwashe hiyo pikipiki hata kwa kwenda kwa fundi. Amwite fundi aje na spana hapo ilipo.